Mashua Yako ya Kwanza, Uani Kwako

Mashua ya kwanza iwe ya futi 13, iwe bapa chini, iende kwa makasia, na ivue ndani ya mwamba. Nayasema hayo mapema kwa sababu karibu kila anayenijia na hamu ya kuunda chombo chake huja na picha ya jahazi kichwani: tanga limejaa kusi, omo inakata mawimbi. Picha hiyo ni nzuri na sitaki ife. Lakini chombo cha namna ile, chenye mkuku na mataruma na mbao zilizopindwa ubavuni moja baada ya nyingine, ni kazi ya watu waliokulia ndani yake. Ukienda Nungwi, Bagamoyo, au Matondoni kule Lamu, utamkuta fundi anachonga taruma kwa tezo bila mchoro wowote. Analijaribu ubavuni, analitoa, analipunguza unene wa ukucha, analirudisha. Jicho lile lilianza kufunzwa angali mtoto wa kuokota vipande vya mbao miguuni pa babu yake. Wewe huna miaka hiyo. Una Jumamosi na Jumapili zako, una ua wa nyumba, na una nia.

Njia za kuunda chombo kidogo ni tatu. Ya kwanza ni kuchonga gogo zima, ambayo ndiyo asili ya mtumbwi na ngalawa. Inataka mwembe mnene usio na ufa, na miembe ya namna hiyo si mingi tena. Isitoshe, shoka likizidi mara moja tu, gogo limetoboka. Ya pili ni mbao juu ya mataruma, na nyufa zote zikazibwa kwa kalafati: pamba iliyosokotwa, ikatiwa mafuta, ikagongwa kwa patasi mpaka ikajaa katikati ya mbao na mbao. Chombo hicho kinadumu, na kinatengenezeka ufukweni popote. Ila kalafati ina mkono wake, na chombo kikikaa nchi kavu mwezi mzima juani mbao huachana na kazi ikaanza upya.

Ya tatu ni plaiwudi, na ndiyo ninayomshauri mgeni wa kazi hii. Ubavu wa kushoto ni ubao mmoja, wa kulia ni ubao mmoja, chini ni ubao mmoja, na tezi, yaani nyuma, ni ubao mmoja. Maji huingilia kwenye viungo, na hapa viungo ni vichache mno ukilinganisha na mashua ya mbao kumi na mbili kila upande. Unaweza kukikagua kila kimoja kwa kidole kabla hujaigusa bahari.

Wapo watakaosema plaiwudi si jadi yetu. Ni kweli, plaiwudi si jadi. Lakini namna tutakavyoiunganisha ni jadi hasa, kwa maana tutaishona. Mitepe ya Lamu na visiwa vyake ilishonwa kwa kamba za kumbi, bila msumari hata mmoja. Na kitabu cha Kigiriki cha karne ya kwanza, Periplus cha Bahari ya Eritrea, kinaitaja bandari ya pwani hii iliyoitwa Rhapta, na kinasema jina hilo lilitokana na mashua zake za kushonwa. Sisi badala ya kumbi tutatumia waya mwembamba wa kufungia nondo, ule ule unaouzwa kwa kilo kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, na gundi ikishashika tutautoa.

Sasa vipimo. Urefu mita 4. Upana wa chini, pale katikati, sentimita 90. Upana wa juu hapo hapo, sentimita 125. Kina cha ubavu sentimita 45. Tezi iwe bapa, sentimita 70 chini na 95 juu, ili siku moja ibebe injini ndogo. Utaona kwamba mbavu hazikusimama wima, zimelala nje. Kulala huko kuna kazi mbili. Mashua ikielemewa upande, upana unaoingia majini unaongezeka na kuizuia isiendelee kulala. Na ubavu uliolala nje ukipindwa kutoka omo hadi tezi, ukingo wake wa chini hunyanyuka wenyewe kidogo mbele na nyuma, hata kama uliukata umenyooka kabisa. Mashua inapata tumbo bila wewe kulipigia hesabu.

Lakini usikate plaiwudi bado. Kwanza iunde mashua hiyo kwa katoni. Sentimita 1 ya katoni iwe sentimita 10 za mashua, kwa hiyo kielelezo chako kitakuwa na urefu wa sentimita 40. Kikate kwa wembe, kishone kwa uzi, kizungushie selotepu pana nje kote kisilowe. Kwa kazi hiyo ya siku moja utayajua mambo ambayo mchoro hauwezi kukwambia: kwamba mbavu mbili zisipolingana omo inakwenda kombo, kwamba taruma la katikati, lile moja linalozitanua mbavu, likisogezwa nyuma kidogo tumbo nalo linahama, kwamba ncha ya omo inataka kukatwa kwa mshazari. Kosa la katoni linagharimu katoni.

Kisha kitie majini, na hapa pana hesabu ndogo ambayo naifanya mwanzoni mwa kila kazi. Urefu ukipungua mara 10, uzito hupungua mara 1,000, kwa sababu upana na kina navyo vimepungua mara 10 kila kimoja. Mashua yenyewe ikiwa kilo 80, watu wawili kilo 140, nyavu, nanga, maji ya kunywa na samaki kilo 60, jumla ni kilo 280. Basi kielelezo chako, pamoja na uzito wake chenyewe, kiwe na gramu 280. Pima mchanga kwenye mizani ya jikoni, usambaze ndani, kiweke kwenye beseni pana. Mstari unaochorwa na maji kwenye selotepu ndio mstari wa maji wa mashua yako halisi. Upime kwa rula, uzidishe mara 10. Ubavu uliobaki juu ya maji ukipungua sentimita 25, mashua ni fupi ya kimo au umeibebesha mno. Sogeza mchanga wote upande mmoja uone inavyolala. Uusogeze wote tezi, kama watu wawili waliokwenda kuvuta nanga pamoja, uone omo inavyopaa. Hofu yote ya siku ya kushusha chombo unaimaliza kwenye beseni.

Kwa mashua halisi ya vipimo hivi, kitako kikishaingia chote majini, kila kilo 25 hivi zinaizamisha sentimita 1. Liweke hilo kichwani. Abiria wa ziada mwenye kilo 75 ni sentimita 3, na ndoo mbili za maji ya lita 20 zilizoingia kwa wimbi ni zaidi ya sentimita moja na nusu, tena hizo ndoo hazikai mahali pamoja. Zinakimbilia upande ulioelemewa.

Plaiwudi ndipo wengi wanapoponzwa na jina. Katika maduka yetu ya vifaa vya ujenzi utaulizia plaiwudi ya baharini na utaletewa ubao wenye ngozi nyeusi inayong'aa, wa milimita 18, ambao mafundi huuita marine. Ule ni ubao wa kumwagia zege. Ngozi yake nyeusi imewekwa ili saruji isishike, na isiposhika saruji, gundi yako pia haitashika. Ni mzito kupita kiasi kwa mashua ya futi 13. Na ukiukata utaona matundu katikati ya tabaka, pale vipande vya ndani vilipoachana. Tundu lile litakunywa maji na kuoza bila wewe kuona. Plaiwudi ya baharini ya kweli hutengenezwa kwa kanuni maalumu, na inayojulikana zaidi ni ile ya Uingereza inayoandikwa BS 1088: tabaka za ndani hazina matundu na gundi yake haiyeyuki kwa maji ya moto. Huletwa kutoka nje na bei yake ni kali.

Ukiwa huwezi kuipata, tafuta plaiwudi ya kawaida ya nje, na uijaribu mwenyewe. Omba kipande cha ukubwa wa kiganja, ukitumbukize kwenye sufuria ya maji yanayochemka saa nzima, ukianike juani mpaka kikauke, ukichemshe tena. Kisha chomeka kisu katikati ya tabaka ubetue. Tabaka zikiachana kama kurasa za kitabu kilicholowa, mshukuru muuza duka uondoke. Mbao yenyewe ikichanika kabla gundi haijaachia, hiyo inafaa. Tazama pia kingo zake zote nne ukihesabu matundu. Nimewahi kuuziwa bodi nzuri juu, mbovu kati, na muuzaji akaapa kwamba ni za baharini. Nilichemsha kipande baada ya kulipa badala ya kabla, na bodi mbili ziliishia kuwa milango ya banda la kuku.

Utahitaji bodi nne za futi 8 kwa 4: mbili za milimita 6 kwa mbavu na mbili za milimita 9 kwa kitako. Kwa kuwa bodi moja ina mita 2.44 tu, itabidi uunge mbili kupata urefu. Mafundi wazoefu hukwangua ncha zote mbili kwa mlalo mrefu, mara nane ya unene, wakazilaza moja juu ya nyingine. Kwa kazi ya kwanza, ziguse ncha kwa ncha na ugundishe kiraka cha plaiwudi ile ile, upana wa sentimita 20, kwa upande wa ndani. Kiraka kinafanya mahali pale pawe pagumu kupinda, kwa hiyo kiungo kisikae katikati ya mashua. Kisogeze upande wa tezi, ambako ubavu umenyooka zaidi. Na cha kushoto kikae sawasawa na cha kulia, la sivyo mbavu mbili zitapinda kwa namna mbili.

Kwa mti wa omo, taruma la katikati, benchi na ukingo wa juu, tafuta mninga, mvule au mtiki, iliyokauka vizuri. Mtiki una mafuta, basi uupanguse kwa thina kabla tu ya kutia gundi. Usitumie mkaratusi mbichi, kwa kuwa utajipinda wakati umeshaugundisha. Skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu, na misumari kama lazima iwepo iwe iliyopakwa zinki. Msumari wa kawaida hauchukui mwaka baharini. Kutu yake hula na mbao inayouzunguka.

Kukata mbavu ni kazi ya asubuhi moja. Zibane bodi mbili pamoja, chora mara moja, kata mara moja, pitisha randa kingo zikiwa bado zimebanwa. Ukizichora moja moja hazitafanana, hata uwe na mkono gani. Halafu zifunge zote mbili kwenye mti wa omo, lisimamishe taruma la katikati mita 2 na sentimita 20 kutoka omo, na uvute ncha za nyuma zikutane na ubao wa tezi. Kuvuta huku hakutaki nguvu. Zungusha kamba nje ya mbavu zote mbili, pitisha kijiti katikati ya kamba, ukisokote taratibu. Kila mzunguko unazileta mbavu karibu kwa kidole kimoja. Plaiwudi ikianza kulia, simama. Imwagie maji ya moto upande wa nje, ngoja kidogo, endelea.

Hapo ndipo mashua inapozaliwa, na ndipo inapoharibikia. Ikifika hapo, weka vifaa vyote chini kwa siku nzima na ufanye kazi moja tu: kuhakikisha imenyooka.

Mashua yangu ya kwanza niliipima urefu, nikaipima upana, nikaridhika. Jirani yangu mmoja, mzee aliyeunda vyombo maisha yake yote, alipita jioni akasimama mlangoni.

"Shikamoo, mzee. Karibu uitazame."

"Marahaba, mwanangu. Naiona. Wewe je, umeitazama?"

"Nimeipima yote, mzee. Iko sawa."

"Ni sawa kwa aliyesimama. Hebu lala chini."

Nililala kifudifudi mchangani nyuma ya tezi, jicho usawa wa ukingo, nikatazama mbele. Taruma la kati lilikuwa limelalia kulia na tezi ilikuwa imelalia kushoto, kama kitambaa kinachokamuliwa. Tofauti haikufika sentimita 3. Nilikuwa nimeshatia gundi upande mmoja, na kwa uvivu nikaiacha hivyo. Mashua ile ilivuta kulia miaka yote niliyokuwa nayo. Kila makasia kumi, mawili yalikuwa ya kuirudisha njiani.

Kwa hiyo fanya hivi. Funga uzi kutoka katikati ya omo hadi katikati ya tezi, uvute ukaze. Ning'iniza timazi kwenye uzi huo juu ya taruma. Ncha yake iangukie katikati ya taruma, chini na juu. Pima kutoka ncha ya omo hadi pembe ya juu ya tezi upande wa kushoto, kisha hadi pembe ya kulia. Vipimo vilingane, visipishane zaidi ya milimita 5. Weka pima maji juu ya tezi, kisha juu ya taruma; povu likae mahali pale pale. Halafu lala chini. Ukiona mkunjo, sukuma, kaza kamba nyingine kwa mshazari kutoka pembe hadi pembe, pima tena. Ikishakaa, ipigilie vipande vya mbao vya muda juu, ushikize kila kitu, usiigeuze mpaka vimeshikamana.

Kitako hakipimwi. Igeuze mashua juu chini, laza bodi za milimita 9 zilizoungwa juu yake, chora kwa penseli kufuata mbavu, na ukate ukiacha sentimita 1 ya ziada kuzunguka. Ziada hiyo utaipunguza baadaye kwa randa. Toboa matundu madogo kila sentimita 15 kwenye kitako na ubavu, pitisha waya, usokote kwa koleo kwa nje. Usikaze mmoja hadi mwisho. Kaza yote nusu, zunguka tena, kaza.

Sasa gundi. Ipo rezini ya poliesta, ile ya mafundi wa faiba, na ipo epoksi. Poliesta ni rahisi kwa bei, na kwa boti la faiba tupu inafaa, lakini juu ya mbao haishiki vizuri. Baada ya misimu michache hubambuka na maji hukaa kati yake na plaiwudi. Kwa viungo vya mashua hii nunua epoksi, hata kama itakubidi uahirishe kazi miezi mitatu ukikusanya pesa. Ni mahali pekee katika kazi nzima ambapo sikubali upunguze gharama.

Epoksi ina sehemu mbili, na kipimo cha kuchanganya kimeandikwa kwenye kopo. Kifuate kwa mizani au kwa vikombe vyenye alama; kuongeza sehemu ya pili ili ishike haraka hakusaidii, kunaifanya ibaki laini milele. Joto la pwani yetu linaiharakisha sana. Changanya kiasi kidogo, gramu 200 basi, na uimwage mara moja kwenye sahani pana. Ukiiacha imejaa kwenye kikombe kirefu itachemka na kutoa moshi mkononi mwako. Kazi ya viungo ifanye kuanzia alasiri jua likishuka. Asubuhi mbao inapata joto, hewa iliyomo ndani yake inatanuka na kutoka, na kila pumzi inaacha kipovu kwenye gundi. Jioni mbao inapoa na kuivuta gundi ndani.

Changanya epoksi na unga laini wa mbao mpaka iwe nzito kama siagi, ipake kwenye pembe ya ndani ambapo ubavu unakutana na kitako, na uilainishe kwa mgongo wa kijiko ili pembe iwe mviringo. Katikati ya waya na waya kwanza. Ikishika, kata nyaya na uzivute, kisha jaza palipobaki. Juu yake laza utepe wa kitambaa cha faiba wa sentimita 8 hadi 10, uuloweshe epoksi mpaka weupe upotee. Palipobaki peupe pana hewa. Nje fanya vivyo hivyo baada ya kuviringisha kingo kwa msasa, na kitako chote kivalishe kitambaa cha faiba, kwa sababu ndicho kitakachoburutwa juu ya mchanga na matumbawe. Vaa glovu tangu mwanzo hadi mwisho. Ngozi inaweza kuvumilia epoksi mwaka mzima, halafu siku moja ikaikataa na kuwasha daima. Ikikugusa, osha kwa sabuni, wala si thina. Thina inaiingiza ndani zaidi. Na kabla ya kupaka juu ya tabaka iliyokauka, ioshe kwa maji na kitambaa, maana hubaki na utando kama nta ambao rangi haiushiki.

Kazi zilizobaki naziharakisha, kwa kuwa ukifika hapa mkono umeshakuwa mwepesi. Ukingo wa juu uuvalishe ubao mwembamba ndani na nje. Chini, katikati ya kitako, weka mkuku wa nje wa sentimita 5 kutoka kati hadi tezi. Bila huo mashua bapa huteleza ubavu kila upepo ukivuma. Pembeni weka mbao mbili za kusugua, zifungwe kwa skrubu ili zikiisha uzibadilishe. Rangi ni lazima. Jua huiua epoksi isiyopakwa rangi. Rangi ya nje iwe nyepesi. Mashua nyeusi juani inajipika.

Mabenchi mawili, na kishwara cha kasia kikae sentimita 30 nyuma ya ukingo wa nyuma wa benchi, upande wa tezi. Makasia yawe na mita 2.3 hadi 2.5. Wengi hutumia makasia mafupi wakalaumu mashua.

Chini ya mabenchi funga madumu matupu ya lita 20 yaliyozibwa vizuri, sita, kwa kamba imara. Kila moja linanyanyua kama kilo 20. Mashua ikijaa maji hadi ukingoni, hayo ndiyo yatakayoibakiza juu mkaishikilia. Usiamini maneno yangu; ijaribu. Siku ya kwanza, maji yakiwa ya kiunoni na tulivu, iingize, kisha ijaze maji kwa ndoo mpaka mdomoni. Ikibaki inaelea sawasawa, ikumbe, ikaushe. Ikilala upande, panga upya madumu. Watu watakaoshuhudia watadhani umerukwa na akili, nawe uwaeleze, kwa sababu wengi wao hawajawahi kuvijaribu vyombo vyao hivyo.

Chombo kikishakamilika kina ofisi zake. Tanzania Bara, anza kwa afisa uvuvi wa halmashauri yako na kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi cha ufukwe wako, yaani BMU. Ukaguzi wa usalama wa vyombo uko chini ya TASAC, yaani Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania. Zanzibar ni Mamlaka ya Usafiri Baharini pamoja na kamati ya uvuvi ya shehia. Kenya ni Mamlaka ya Bahari na BMU. Nenda mapema, kabla hujapaka rangi, ukaulize namba iandikwe wapi. Utapata pia kujulishwa nyavu zinazoruhusiwa, kokoro usiliguse.

Kwa walio kwenye maziwa, Victoria au Tanganyika, mashua hii inafaa karibu na ufukwe, na hakuna yule mdudu wa baharini anayetoboa mbao, ambaye wazee wa pwani walimkabili kwa deheni na kwa kuchoma kitako kwa mienge ya makuti. Lakini maji ya mvua yanayotuama ndani huozesha mbao haraka kuliko maji ya chumvi. Igeuze juu chini kila inapolala nchi kavu, na uifunike. Na mawimbi ya ziwa ni mafupi na ya ghafla; usiende mbali kwa sababu tu maji ni matamu.

Ishushe wakati wa matlai, kusi ikiwa imekwisha na kaskazi haijaanza, siku ya maji mafu ambapo mkondo ni mpole. Sikiliza utabiri wa bahari wa Mamlaka ya Hali ya Hewa asubuhi hiyo hiyo, si wa jana. Ndani ya mashua kuwe na koti la kuelea kwa kila mtu, limevaliwa wala halikukaliwa; upo wa kukumbia maji, umefungwa kwa kamba usije ukaelea; nanga na kamba ndefu; kasia la akiba; firimbi; tochi; na simu ndani ya mfuko usioingia maji. Mwambie mtu mmoja nyumbani unakwenda upande gani na utarudi maji yakiwa wapi.

Nenda na mvuvi anayeujua mlango wa mwamba wenu. Mpe kasia, mwache aivute mashua, umsikilize atakachosema juu ya uzito wake, inavyogeuka, inavyokaa na wimbi la ubavuni. Kila usiku unaporudi, pitisha kidole kwenye viungo vya ndani utafute unyevu. Na kwa mwezi mzima wa kwanza, hata samaki wakisemwa wamejaa nje, nakuomba usiuvuke mwamba.